Kabureta Isiyokuwa Yetu

Siku tuliyomzika mume wangu, ndugu yake alisimama makaburini kabla watu hawajatawanyika, akatangaza yale yanayotangazwa kwa kila maiti: anayemdai marehemu aje kwa jamaa zake, na aliyekosewa naye amsamehe. Mimi sikuwako. Wanawake tulikuwa nyumbani, Kibokoni, tumejaa ukumbi mzima mpaka ngazini. Shemeji aliporudi alisimama nyuma ya pazia akaniambia, "Nimetangaza, shemeji. Hakuna aliyeinua mkono. Ndugu yangu amekwenda msafi."

Wanawake wakaitikia alhamdulillahi. Nami niliitikia pamoja nao, na huo ndio uwongo wa kwanza niliousema nikiwa mjane.

Aliyekosewa alikuwako. Ni mzee mmoja wa bara, karani mstaafu wa bandarini, akikaa Buxton. Hakufika makaburini kwa sababu hakuna aliyempelekea habari. Na kitu chake kilikuwa humo humo ukumbini, kimekazwa kwa boliti mbili kwenye pikipiki nyekundu ya mume wangu iliyoegemezwa ukutani, hatua nne kutoka pale nilipokaa. Tulikuwa tumeifunika shuka ili wageni wasichafuke nguo.

Mimi sikusoma sana. Nina darasa la saba, na chuo cha Kurani nilihitimu. Naandika haya kwa sababu binti yangu mkubwa aliniambia niyaandike kabla sijaanza kuyapamba.

Mume wangu alikuwa akitia grisi winchi Kilindini, miaka yake yote ya kazi. Pikipiki za zamani za Kitaliano zilikuwa maradhi yake. Za Kijapani hakuzitaka, alisema hazina cha kumsumbua mtu. Za Kihindi alizitengeneza za majirani, kwa fadhila, lakini hakuzipitisha mlangoni. Za Kitaliano zililala nasi ndani. Zilikuwa zimeletwa nchini na mapadri, na mainjinia wa barabara, na mabwana wa mashamba ya katani, kisha wenyewe wakafa au wakarudi kwao wakaziacha kwenye mabanda. Yeye alikuwa akizisikia zilipo kama mtu anayesikia habari za binamu waliopotea. Akiambiwa kuna moja Voi imekaliwa na kuku, hana usingizi mpaka aende.

Alikuwa na desturi yake ya kununua. Yeye mwenyewe hakuitazama pikipiki. Alikaa na mwenye mali, akanywa chai, akauliza habari za watoto, akalalamika bei ya mchele. Aliyekwenda kuitazama ni mimi. Nani atamshuku mwanamke wa buibui anayezunguka nyuma ya nyumba? Nilikuwa nimefundishwa. Nitie kidole ndani ya egzosi: kikitoka na weusi mkavu ni heri, kikitoka na mafuta injini ni mgonjwa. Nisukume kiki kwa mkono nione kama pistoni yapanda. Nitazame namba zilizochongwa kwenye injini. Kisha nilirudi nikakaa. Nikikaa mkono wake wa kulia, nunua. Nikikaa wa kushoto, twende zetu.

Ile nyekundu tuliipata kwenye godauni karibu na Kilindini, chini ya magunia, mali ya familia moja ya Kihindi iliyokuwa ikifunga biashara. Mama mwenye nyumba alinikuta nimeinama nyuma ya magunia akaniuliza kama natafuta choo. Nikasema naam. Basi ikabidi niende chooni, nikae humo muda wa kutosha, kisha nirudi kwa adabu na kidole changu cheusi nimekificha ndani ya buibui. Nikakaa mkono wa kulia.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kuosha. Yeye alifungua injini kiwandani, pale uani katikati ya nyumba panapoingia mwanga, nami niliosha kila kipande kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, nikavipanga kwenye sinia. Mara ya kwanza alinipa gia na washa zake, vitu vinavyofanana kama vitumbua, akaniambia nivipange kama alivyovitoa. Nikavipanga, kuanzia kulia kwenda kushoto. Ndivyo nilivyosoma chuoni na ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Yeye alikuwa mtu wa skuli za serikali. Akachukulia kwamba nimeanza kushoto. Akafunga. Jioni akaitoa nje, baraza lote la mtaa likakaa kutazama. Akatia gia ya kwanza, ikaja ya mwisho. Pikipiki ikatetemeka, ikatoa mlio kama mtu aliyekabwa na mfupa, ikazima.

"Bwana we!" mmoja akapiga kelele. "Hiyo yako yaanza safari kutoka mwisho!"

"Ndiyo raha yake," mume wangu akajibu. "Ukitoka, ushafika."

Ndani hakunigombeza. Alitazama sinia, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tuliandika namba kwa chaki.

Yule mzee wa Buxton alikuja baadaye sana, wakati mume wangu ameshastaafu. Yeye pikipiki yake aliinunua mwenyewe, bara, kwenye misheni moja, ikiwa vipande ndani ya makasha mawili na fremu juu. Ilishushwa na lori Makupa, na mume wangu akaenda kuichukua kwa mkokoteni. Alirudi amesukuma mwenyewe sehemu ya njia kwa sababu aliona mwenye mkokoteni haoni mashimo. Ilikuwa ya kiwanda kile kile kama ile yetu, na umri karibu sawa. Ukiziweka pamoja zilikuwa kama watoto wa tumbo moja, ila ya mzee ilikuwa ya buluu.

Mzee alikuwa mrefu, mpole, na kofia ya kukunja. Alitaka pikipiki kwa jambo moja, naye hakulificha: ampakie mkewe.

"Mzee, umri huu wataka kupakia msichana?" mume wangu akamtania.

"Msichana ni yule yule, fundi. Nilimwahidi pikipiki kabla sijamwahidi ndoa. Ndoa alipata."

Nilikuwa uani nikisikiliza. Nikampenda mzee huyo kwa neno hilo.

Basi nikaosha vipande vyake. Kabureta nilipoitoa uchafu ilikuwa mpya kabisa. Ilikuwa imelala kwenye kasha miaka na miaka, imefungwa kwenye kitambaa cha grisi, na maandishi ya Kitaliano ubavuni yakisomeka herufi kwa herufi. Ya pikipiki yetu ilikuwa na ufa shingoni. Mume wangu alikuwa ameuziba kwa gundi ya chuma mara tatu, na kila mara ulifunguka, pikipiki ikavuta hewa na kunywa petroli kama haina bwana. Alikuwa ametafuta nyingine kila mahali, mpaka Nairobi, na hakupata.

Aliichukua ile ya mzee kwenye sinia langu, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii imelala tu," akasema.

Nikaendelea kusugua kipande kingine.

"Kwetu itafanya kazi."

"Na kwake?"

"Kwake n'tamtia ya bodaboda. N'takata bamba ikae vizuri. Ya muda tu. Nikipata nyingine, namrudishia hii."

"Utamwambia?"

"N'tamwambia nikimrudishia."

Hapo ningeweza kusema neno, na mume wangu alikuwa mtu wa kusikia. Nikanyamaza. Na sababu ya kunyamaza naijua, si kwamba nilimwogopa. Kila Ijumaa baada ya alasiri alinipakia mpaka Kizingo tukala mihogo, na mimi nilibana pindo la buibui kwa vibanio vya kuanikia nguo lisiingie kwenye mnyororo, nikakaa upande, nikamshika kiunoni mbele ya watu wote bila ya mtu kuniambia kitu. Kwa ule ufa, tulikuwa hatufiki Kizingo. Nilitaka kufika.

Ikafungwa. Nyekundu ikawa na mlio mmoja, mzito, uliotulia. Ya buluu ikatembea, lakini ikawa na kikohozi. Ikipata moto, ikisimama kwenye foleni, huzima. Mzee alikuwa akiirudisha.

"Fundi, bado yakohoa."

"Petroli ya siku hizi si safi, mzee. Wacha niitazame."

Akaifungua, akaipuliza, akaifunga. Mzee akashukuru akaenda. Sikuwahi kumsikia mume wangu akimdanganya mtu mwengine yeyote, wala sokoni, wala kwa mwenye nyumba, wala kwangu. Hilo moja halikumkaa sawa. Mzee akishaondoka, alikuwa akinawa mikono muda mrefu, na chakula alikila kama anayelipishwa. Aliendelea kutafuta kabureta nyingine. Nataka hilo nalo liandikwe. Aliendelea kutafuta mpaka wiki aliyokufa. Kisha asubuhi moja alirudi kutoka msikitini, akakaa kwenye ngazi ya ukumbi avue viatu, na hakuinuka.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato wala wanja, na wanaume wasio baba wala ndugu zake huzungumza naye kutoka nje. Wengi huona ni kifungo. Mimi nilikuwa sina pa kwenda. Lakini nilikuwa nimefungiwa pamoja na ile pikipiki.

Siku ya arubaini ilipopita, shemeji akaja na habari. Yeye ni muuza vitambaa, mtu mwema, na kwa kuwa hatukujaliwa mtoto wa kiume naye ni mrithi pamoja nami na binti zangu wawili. Alikuwa amepata mnunuzi, mwenye hoteli ya pwani ya kaskazini, anayetaka kuiweka ile nyekundu ukumbini kwake wageni waitazame.

"Sharti lake moja tu," akasema nyuma ya pazia. "Kila kitu kiwe cha asili. Nimemwambia kwamba ndugu yangu hakutia kitu cha kubandika."

"Kabureta si yetu," nikasema.

"Vipi si yetu?"

Nikamweleza. Ilichukua dakika mbili. Nilishangaa kwamba kitu nilichokibeba miaka mitatu chaelezeka kwa dakika mbili.

Akasogea karibu na pazia. Kisha, "Nani ajua?"

"Mimi."

"Basi ni mtu mmoja."

"Na Mungu."

"Mungu hanunui pikipiki, shemeji." Nikamsikia akijipiga mdomo kwa kiganja. "Astaghfirullah. Ulimi huu! Lakini sikiliza. Nilisimama makaburini mbele ya watu. Nilisema yeyote aliyekosewa. Hakuja mtu. Sasa wewe wataka kumtafuta mtu kwake umwambie ndugu yangu alikuwa nini?"

"Sitasema alikuwa nini. Nitasema alichukua nini."

"Watu watasema mwizi."

"Wakisema, wasemee kwangu. Niliiosha kwa mkono wangu."

Akaenda zake bila kuaga, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada.

Kesho yake asubuhi nilivuta shuka, nikatandaza gazeti chini, nikatafuta spana namba kumi kwenye mkebe wa mume wangu. Ilikuwa imekaa pale pale. Nikafunga koki ya petroli, nikachomoa mpira wake, nikalegeza boliti. Petroli iliyobaki ikanimwagikia mikononi mpaka viwikoni. Shangazi yangu, aliyekuja kukaa nami kwa eda, akatoka jikoni na mwiko.

"We mwanamke wa eda! Harufu gani hiyo?"

"Petroli."

"Umekatazwa manukato."

"Petroli si manukato, shangazi."

"Kwa mtu mwengine si manukato," akasema. "Kwako, nakujua. Kanawe."

Hakukosea. Nilinawa, lakini sikufanya haraka.

Binti yangu akampigia simu yule mzee, akamwambia tu kwamba mama anamwita na aje na pikipiki. Hakumwambia la msiba kwa simu, na hilo lilikuwa kosa letu. Mzee alifika siku ya pili kabla ya adhuhuri akiisukuma. Ilikuwa imemzimia Makadara. Shemeji alikuwa barazani. Alikuja kila siku hata akiwa amenikasirikia, kwa sababu nyumba yenye mjane haiachwi bila mwanamume mlangoni. Nilikuwa nyuma ya mlango, bawa moja limefungwa na moja liko wazi upana wa mkono.

"Fundi yuko?" nikamsikia mzee. "Hodi!"

"Karibu, mzee. Fundi ametutoka. Ni mwezi wa pili sasa."

Kisha nikasikia kofia ikivuliwa. Kofia ile ya kukunja ina sauti yake.

"Hakuna mtu aliniambia," mzee akasema. "Hakuna. Pole. Poleni sana. Mama yuko wapi? Wacha nimpe mkono."

"Hapo ndio mwisho, mzee. Mama yuko eda. Hatoki, na wanaume wageni hawaingii."

"Basi nitazungumza na mlango?"

"Utazungumza na mlango," shemeji akasema, "na mlango utakujibu. Na jibu lake mimi simo."

Mzee akakaa kwenye baraza ya mawe, upande wa mlango uliofungwa. Alinipa pole kwa maneno ya kanisani, marefu na mazuri, nami nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema, kabureta iliyokuja na pikipiki yako ilikuwa nzima, mume wangu aliitia kwenye yake, akakutilia ya bodaboda, na mimi nilikuwapo na nilijua. Alikusudia kukurudishia akipata nyingine. Hakupata.

"Yaani ile kukohoa," mzee akasema, "haikuwa petroli?"

"Haikuwa petroli."

"Miaka yote mitatu."

"Miaka yote mitatu."

Nikamsikia akipumua kwa pua. Mtaani palikuwa na mtu anauza kahawa, akigonga vikombe vyake, akapita, mlio ukaishilia.

"Mama," akasema, "nilimpakia mke wangu mara moja. Jumapili. Alivaa viatu vya harusi ya binti yetu. Tulikuwa twaenda kwa dada yake Changamwe. Tukafika Makupa, foleni, malori, ikazima. Nikapiga kiki mpaka mguu ukachoka. Makondakta wanatucheka: babu, mpe bibi asukume! Akashuka. Hakunikasirikia. Akapanda tuktuk, akaniambia tutakutana huko. Nilipomwambia tena wiki nyingine, akasema, itengeneze kwanza ipone, nitapanda. Nikawa naileta hapa. Fundi ananiambia petroli. Mwaka jana alianguka bafuni, tukamzika. Hakupanda tena."

Sikuwa nimelijua hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kwa kelele, hata kwa kuitiwa polisi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Niliegemea mlango. Nilitaka kusema tusamehe na neno halikutoka, kwa sababu niliona ni dogo. Nikawaza Kizingo, Ijumaa zote zile. Nilikuwa nimepanda badala yake.

Shemeji ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mzee, ndugu yangu yuko kaburini. Sisi kwetu, aliyekosewa husamehe kwa mdomo wake, watu wakasikia. Tafadhali. Sema umemsamehe."

"Kijana, usinikimbize," mzee akasema. "Nikisema sasa nitakuwa nimesema kwa ajili yako."

"Ana haki," nikasema kutoka ndani.

Nikaipitisha kabureta mlangoni, imefungwa kitambaa cheupe. Mkono wa mzee ukaipokea. Akaniuliza nani ataifunga, maana fundi hayupo. Shemeji yako je, akauliza.

"Mimi najua kupima kitambaa," shemeji akasema. "Spana sijaishika tangu nizaliwe."

"Utaifunga mwenyewe, mzee," nikasema. "Mimi nitakwambia."

Na ndivyo tulivyofanya, yeye na shemeji wakichutama kizingitini kwenye jua, mimi ndani. Sikuona kitu isipokuwa kisigino cha kiatu chake. Nilimwambia afunge koki kwanza. Nilimwambia aitoe ile ya bodaboda pamoja na bamba lake, asafishe pale inapokaa, asiache chembe ya gasketi ya zamani. Nilimwambia akaze boliti kwa kupishana, hii robo mzunguko na ile robo, kwa sababu ukimaliza moja kabla ya nyingine kabureta hupinda ikavuta hewa. Alikuwa akirudia kila neno kwa sauti kama mtoto wa chuo, na shemeji akimsahihisha, yule asiyewahi kushika spana.

"Amesema robo, mzee, hujasikia? Robo!"

"Nimesikia. Wewe shika taa."

"Taa ya nini na jua hili?"

"Basi shika kofia."

Mwisho nikamwambia aikaze skrubu ndogo ya ubavuni mpaka iguse, asiilazimishe, kisha airudishe mzunguko mmoja na nusu. Apige kiki. Akapiga. Ya tatu ikashika.

Nilidhani nikisikia mlio ule nitalia. Sikulia. Nilikuwa kazini. Niliweka sikio kwenye ubao wa mlango nikausikiliza ulivyo: ulikuwa wa haraka na mkavu, na kila baada ya mapigo sita au saba ulijikwaa.

"Irudishe kidogo," nikasema. "Kidogo zaidi. Umepita. Kaza nusu ya hapo. Hapo! Toa mkono."

Ukatulia. Ikanguruma pale pale barazani bila mtu kuigusa, na watu wa baraza la pili wakaacha mazungumzo yao. Mzee aliiacha iwake muda mrefu kupita haja. Kisha akavaa kofia, akasema, "Asante, mama," akaondoka.

Shemeji akamwambia mwenye hoteli ukweli, na mwenye hoteli akajitoa. Kwa wiki mbili shemeji hakuzungumza nami ila salamu, ingawa mkewe aliniletea kitoweo kila siku kama kawaida, na samaki hawakuwa wadogo. Mimi nilihesabu siku za eda, na nilihesabu pia siku tangu mzee aondoke. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimemwondolea mume wangu jambo moja na kumwongezea jingine ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Nilijiuliza kama shemeji alikuwa na haki tangu mwanzo.

Siku ya kumi na mbili tangu aondoke nikasikia mlio. Niliujua kabla haujaingia mtaani kwetu. Ukasimama mlangoni, ukaachwa uwake kidogo, ukazimwa kwa makusudi.

"Hodi," mzee akasema. Shemeji akainuka akampisha.

"Karibu, mzee."

"Nimekwenda Mariakani na kurudi. Nimesimama kwenye foleni ya Makupa, kwenda na kurudi. Haikuzima."

"Alhamdulillahi."

"Nilitaka kwanza nione." Akakohoa kidogo. "Mama, la kabureta nimemsamehe. Na wewe pia. Nasema kwa mdomo wangu na huyu kijana anasikia. La mke wangu, pale Makupa, bado. Nimejaribu. Bado. Sitaki kukudanganya mlangoni kwako."

Shemeji akavuta pumzi ya kusema kitu. Niligonga mlango kwa ukucha, mara moja, akanyamaza.

"Umesema kweli, mzee," nikamwambia. "Nashukuru kwa hilo ulilolitoa. Hilo jingine ni lako."

Eda yangu iliisha. Nyekundu tuliiuza, na ile kabureta ya bodaboda juu yake, kwa mwalimu mmoja wa Tudor ambaye alielezwa kila kitu barazani, shemeji akiwa shahidi, na ambaye baada ya kuelezwa aliitazama upya akasema anaitaka vivyo hivyo. Shemeji sasa huisimulia habari hiyo kwa watu yeye mwenyewe, na katika masimulizi yake ni yeye aliyefunga boliti.

Mzee huja kila baada ya miezi miwili mitatu. Hewa ya kabureta hubadilika na majira, mvua na kiangazi, na masikio yake yameanza kuchoka. Sasa mlango nauacha wazi, namwekea kiti na kahawa, nami hushika bisibisi mwenyewe. Huniambia alikofika. Mara nyingine huniambia habari za mkewe, vitu vidogo, namna alivyokuwa akikaanga dengu, namna alivyochukia kofia ile. La pili hajalisema, na mimi simuulizi. Nikimaliza kusikiliza namwambia, "Tayari, mzee," naye huwasha akaenda. Nangoja mpaka mlio upinde kona. Kisha naingia ndani nikatawadha, nikamwombea mume wangu kwa hilo moja lililobaki.